Bamba la chuma likishuka: mwisho wa kisa cha Gondo na Takeuchi

Watu wawili wameketi wakitazamana gerezani. Kati yao kuna kioo na wavu wa chuma. Mmoja atatoka hapo arudi kazini kwake. Mwenzake anangoja kunyongwa. Wanaongea dakika chache tu. Kisha yule wa kunyongwa anaushika wavu kwa mikono miwili, anapiga ukelele usio na maneno, askari wa gereza wanamkokota nyuma, na bamba la chuma linashuka kwa kishindo. Aliyekuja kumtazama anabaki kwenye kiti, katupa mgongo, uso wake kwenye chuma. Filamu imekwisha.

Filamu yenyewe ni Tengoku to Jigoku ya Akira Kurosawa, iliyotolewa na studio ya Toho mwezi Machi 1963. Jina hilo maana yake ni Peponi na Jahanamu. Huko Magharibi iliuzwa kwa jina la High and Low, yaani juu na chini, na naona jina hilo limepunguza makali ya lile la Kijapani. Juu na chini ni ngazi. Mtu hupanda, mtu hushuka. Pepo na jahanamu ni hukumu, na aliyekwisha kuhukumiwa hana ngazi ya kukanyaga. Asiyeshika tofauti hiyo atatoka na mwisho huu mikono mitupu, akisema filamu imekatika njiani.

Sisi wasomaji wa Kiswahili tuna mtego wetu wa ziada, kwa sababu tuna msemo uliotulia kabisa mdomoni: aliye juu mngoje chini. Mara ya kwanza nilipoitazama nilidhani nimeielewa kwa msemo huo. Tajiri kaporomoka, maskini kalipiza, wamekutana chini. Nimeirudia mara kadhaa tangu hapo, na kila nikirudi msemo unazidi kunibana kama kiatu cha mtu mwingine. Nieleze kwa nini, na ili nieleze itabidi nisimulie yote hadi mwisho.

Kingo Gondo, anayechezwa na Toshiro Mifune, ni mmoja wa wakurugenzi wa kampuni ya viatu iitwayo National Shoes mjini Yokohama. Nyumba yake iko juu ya kilima, ina kiyoyozi, na dirisha lake kubwa linautazama mji mzima. Amejifunga kwa madeni na kuweka rehani kila alicho nacho ili anunue hisa za kumwezesha kuishika kampuni. Hundi ya yen milioni 50 iko tayari kwenda Osaka usiku uleule. Ndipo simu inalia: mwanao tunaye, leta milioni 30. Kwa kiwango cha wakati ule, yen 360 kwa dola, hizo ni zaidi ya dola 83,000. Punde mwanawe Jun anaingia ndani akiwa mzima. Aliyechukuliwa ni Shinichi, mtoto wa dereva wake Aoki. Watoto walibadilishana mavazi ya mchezo wao wa bunduki. Mtekaji anapogundua kosa, halimbabaishi. Anataka fedha zilezile, kutoka kwa Gondo yuleyule.

Karibu saa nzima hatutoki sebuleni. Gondo anakataa kulipa. Mkewe Reiko anamsihi. Dereva anapiga magoti mbele yake, na ni vigumu kumtazama mtu mzima akiomba vile kwa tajiri wake. Katibu wake, Kawanishi, naye anamsaliti kwa mahasimu wake wa kampuni. Mwishowe Gondo analipa, akijua kwamba kwa kulipa amekwisha.

Kuna tendo moja la sebuleni ambalo wengi hulisahau wanapofika mwisho. Polisi wanataka kuficha vidonge ndani ya mikoba ya fedha, kimoja cha kutoa harufu kali kikiingia maji, kingine cha kutoa moshi wa rangi ya waridi kikichomwa. Mikoba inahitaji kufumuliwa na kushonwa upya kwa namna isiyotambulika. Gondo anainuka, anakwenda kuleta mfuko wake wa zamani wa vifaa vya ushonaji viatu, anaketi sakafuni na kuifanya kazi mwenyewe. Mkurugenzi mwenye kiyoyozi, chini, na ngozi mikononi. Mikono inaijua kazi. Wapelelezi wanasimama wakimtazama, na heshima yao kwake inazaliwa hapo. Huyu mtu aliingia kampuni akiwa kijana mdogo, akajifunzia kazi kwenye meza ya fundi. Ndiyo maana mwanzoni mwa filamu alipoletewa sampuli ya kiatu cha ovyo alikichana kwa mikono mbele ya wakurugenzi wenzake.

Kwa hiyo ile nyumba ya juu haikuwa pepo aliyozaliwa ndani yake. Alipanda. Na mtu aliyeamua kumwangamiza hakulijua hilo, wala hakutaka kulijua.

Ubingwa wa mtekaji katika kuchukua fedha nitaupitia haraka, ingawa ni sehemu inayosifiwa kuliko zote. Gondo anaamriwa apande treni ya kasi ya Kodama, ambayo madirisha yake hayafunguki isipokuwa lile la msalani, na hilo hufunguka sentimita 7 tu. Ndiyo sababu mikoba ilitakiwa isizidi unene huo. Kwenye daraja la mto Sakawa anaisukumia nje, mtoto anaachiwa, fedha zinatoweka. Kurosawa aliipiga picha sehemu hii ndani ya treni inayokwenda kweli, na presha yake unaihisi mwilini.

Baadaye kamera inashuka kilimani. Tunamwona kijana akitembea kando ya mfereji mchafu, kwanza kama kivuli kinachocheza juu ya maji. Anaingia chumbani kwake, kichumba cha joto na dari la chini. Kutoka hapo nyumba ya Gondo inaonekana juu kabisa, nyeupe, kana kwamba imejengwa kwa makusudi ya kumtazama yeye. Huyu ni Ginjiro Takeuchi, anayechezwa na Tsutomu Yamazaki. Wapelelezi nao, walipofika huku chini kutafuta vibanda vya simu, waliinua macho wakakiri kwamba nyumba ile inachokoza. Hilo la haki Kurosawa amempa Takeuchi. Chumba ni kibaya, joto ni la kweli.

Ila Takeuchi ni nani? Ni daktari mwanafunzi. Katika Japani ya miaka ile wahitimu wa udaktari walifanya mwaka wa mazoezi hospitalini bila mshahara, utaratibu uliokuja kufutwa 1968. Alikuwa kwenye kipato cha chini, kweli, lakini alikuwa mtu wa miezi tu kabla ya kuitwa daktari. Naye alikuwa kwenye ngazi. Mguu ulikuwa tayari kwenye kipandio.

Hapa msemo wetu unaponyoka. Aliye chini hakumngoja aliye juu. Alikuwa na njia yake ya kupanda, akaiacha, akaona afadhali ngazi yenyewe ivunjwe. Washirika wake, mume na mke walioutumikia unga, yaani heroini, aliwaua kwa kuwapa unga mkali kupita kiasi, tena hao walikuwa chini kuliko yeye. Anayewatetea walio chini haanzi kwa kuwaua walio chini yake.

Baada ya hapo polisi wanamjua. Alipotupa mikoba kwenye tanuri la kuchomea taka la hospitali, kidonge kilifanya kazi yake, na moshi wa waridi ukapanda kutoka kwenye bomba. Filamu nzima ni nyeusi na nyeupe. Rangi inatokea hapo tu. Wangeweza kumkamata siku hiyohiyo. Inspekta Tokura, anayechezwa na Tatsuya Nakadai, anakataa. Hesabu yake ni kwamba kwa utekaji peke yake kijana huyu atafungwa miaka isiyozidi 15, na yeye anataka anyongwe. Basi wanaficha habari ya vifo vya wale wawili, wanamtumia Takeuchi barua ya kughushi kama kwamba bado wako hai na wanadai unga zaidi, kisha wanakaa nyuma yake kuona atafanya nini.

Hasira ya Tokura ilikuwa ya Kurosawa mwenyewe. Alikuwa akilalamika waziwazi kwamba sheria za Japani ziliwachukulia watekaji watoto kwa wepesi mno, na hilo lilikuwa moja ya sababu za kuitengeneza filamu hii kutoka kwenye riwaya ya Kimarekani ya Ed McBain iliyotoka 1959. Mwezi uleule filamu ilipoanza kuonyeshwa, mtoto wa miaka 4 alitekwa Tokyo na baadaye ikajulikana ameuawa. Mwaka 1964 sheria ya jinai ya Japani ikabadilishwa, adhabu ya utekaji wa kudai fedha ikapandishwa. Namwelewa Kurosawa. Mtu yeyote mwenye mtoto atamwelewa. Lakini fundi aliye ndani yake alikuwa mkweli kuliko hasira yake, na ukweli huo ndio unaoufanya mwisho uumize.

Maana usiku wa kumfuatilia, Takeuchi anakwenda kwenye baa iliyojaa wageni na mabaharia, ananunua unga kwa kupeana mkono katikati ya watu wanaocheza muziki. Kisha anashuka Koganecho, uchochoro wa mateja. Kurosawa ametuonyesha jahanamu hapo bila mafumbo: miili iliyoegemea kuta, watu wanaokwangua mbao kwa kucha, macho yasiyotazama chochote. Takeuchi anamchagua mwanamke mmoja anayetetemeka kwa arosto, anampeleka kwenye chumba cha kukodi. Anataka kuona kama unga huu unaua. Unaua. Anatoka, anaendelea na safari.

Askari kanzu walikuwa nje. Hawakupanga afe, wala hawakujua kinachotendeka chumbani. Lakini mwanamke yule asingekuwa chumbani humo kama Takeuchi angekamatwa siku ya moshi wa waridi. Filamu haimpi jina. Hakuna anayelia. Mtekaji aliyemkosea mtoto wa tajiri akamchukua wa dereva alitikisa nchi nzima; mwanamke huyu hakutikisa hata mpango wa usiku mmoja. Tokura anapata kosa la kunyongea alilolitaka, na bei yake inabaki kwenye kitanda cha Koganecho. Ukimsahau mwanamke huyu, onyesho la gerezani utaliona la watu wawili. Mimi naliona la watu watatu.

Katika kufuatiliwa huko kuna kituko kingine, kidogo, ambacho kila nikikiona hukaa mbele ya kiti. Gondo, aliyekwisha kupoteza kazi, amesimama barabarani akitazama viatu kwenye dirisha la duka. Takeuchi anamwona, anamjia na sigara mdomoni, anamwomba moto. Gondo anamwashia. Hamjui. Kwake ni kijana tu aliyeomba moto, na moto haukataliwi mtu. Wapelelezi wanatazama kutoka mbali, wamekosa la kusema. Takeuchi amevaa miwani meusi usiku ule, kwa hiyo macho yake hatuyaoni. Sidhani ni ushindi peke yake uliompeleka pale. Amemchukia mtu huyu kutoka mbali muda mrefu, na labda alitaka aone uso wa karibu unafananaje. Akakuta mtu asiye na kiburi anayemsogezea moto kwa mkono wake. Kama chuki yake ingekuwa na masikio, ingesikia kitu hapo.

Anakamatwa usiku huohuo kwenye nyumba ya pwani, huku wimbo wa O Sole Mio ukisikika redioni. Fedha karibu zote zinapatikana. Zimechelewa: nyumba ya Gondo na samani zake zimekwisha kuangukia mikononi mwa wadai.

Tumefika gerezani.

Takeuchi amekataa kuonana na kasisi. Aliyetaka aje ni Gondo. Gondo hajui kaitiwa nini. Wanaanza kwa mazungumzo ya kawaida kabisa, ya watu waliokutana stendi. Unafanya nini siku hizi? Gondo anajibu kwamba bado anatengeneza viatu, kwenye kampuni ndogo, lakini wamemwachia aiendeshe atakavyo, naye anajitahidi iweze kushindana na National. Hajibu kwa kujigamba wala kwa kujihurumia. Na jibu hilo, kwa maoni yangu, ndilo pigo kubwa kuliko yote anayopigwa Takeuchi katika filamu. Alimtupa mtu huyu kutoka peponi, alidhani amemmaliza, na mtu huyu anaongea habari za viatu. Kumbe hakumtoa peponi. Alimrudisha tu kwenye kazi anayoipenda, sakafuni, na mfuko wake wa vifaa.

Ndipo Gondo anamuuliza swali ambalo filamu nzima imelibeba: kwa nini lazima mimi na wewe tuchukiane?

Sikiliza jibu kwa makini, kwa sababu wachambuzi wengi hulinukuu nusu. Takeuchi anasema hajui, wala hana hamu ya kujichunguza nafsi. Anachojua ni kwamba chumba chake kilikuwa baridi usingizi usipatikane wakati wa baridi, na joto usingizi usipatikane wakati wa joto. Kutoka humo nyumba ya Gondo ilionekana kama peponi. Akaitazama siku baada ya siku mpaka ikageuka chuki, na chuki ikawa kitu cha kumwamsha asubuhi. Wanaosema filamu inaeleza uhalifu kwa umaskini huanza kunukuu kwenye chumba. Wanaruka "sijui". Lakini hilo ndilo la kwanza kusemwa. Muuaji mwenyewe, akipewa nafasi ya mwisho ya kujieleza mbele ya mtu pekee aliye tayari kumsikiliza, anasema hajui.

Kisha mikono yake inaanza kutetemeka. Anaharakisha kusema si hofu, ni mwili tu uliokaa peke yake muda mrefu. Anasema haogopi kufa, wala jahanamu haimtishi, kwani ameishi humo tangu azaliwe. Angeambiwa anakwenda peponi, hapo ndipo angetetemeka kweli.

Nimelifikiria sana neno hilo. Mtu hujivika ujasiri wa namna hii akiwa hana nguo nyingine. Lakini limemtoka la ukweli pia. Pepo ni mahali ambapo angelazimika kukaa na akina Gondo bila kilima katikati, na hapo asingekuwa na sababu yoyote ya kuwa yeye. Chuki ilikuwa nyumba yake. Gondo, kwa kuja na kuketi, kwa kutochukia, ameibomoa. Kilichobaki ni mwili unaotetemeka, na mwili huo ndio unaorukia wavu na kupiga ukelele.

Tazama pia kamera inavyofanya kazi kwenye kioo. Tunapomwona Takeuchi, uso wa Gondo unaonekana umeelea juu ya wake. Tunapomwona Gondo, uso wa Takeuchi uko juu ya wake. Filamu iliyotumia zaidi ya saa mbili kuwaweka mmoja kilimani na mwingine bondeni inawaweka sasa kwenye viti vya kimo kimoja, nyuso zao zikipandana. Wapo wanaosema maana yake ni kwamba hao wawili ni sawa. Sikubali. Mmoja aliweka rehani maisha yake kwa mtoto wa dereva, mwingine alimwua mwanamke ili kupima unga. Kioo kinaonyesha kwamba walitoka mahali pamoja na wangeweza kuelewana, fundi viatu aliyepanda na daktari mwanafunzi aliyekuwa akipanda, ila kukutana kwao kumekuja wakati tayari kuna kamba upande mmoja na marehemu kadhaa katikati.

Kurosawa alikuwa na onyesho jingine la kufungia filamu. Alipouona uigizaji wa Yamazaki kwenye chumba hiki, alilitupa. Nashukuru. Mazungumzo yoyote baada ya ukelele ule yangempa mtazamaji mahali pa kupumzika, mtu mwenye busara wa kumwambia wazo la kubeba nyumbani. Badala yake tumepewa bamba la chuma, na halishuki baada ya Takeuchi kumaliza kusema. Linashuka katikati. Wanaomshusha Takeuchi jukwaani ni wale waliolitaka jambo hili liishe kwa kamba, na chuma kinafika kabla ya jibu. Tokura amepata alichotaka. Gondo hakupata chake.

Ndiyo maana hainuki. Askari gereza wangeweza kumwonyesha mlango. Ziara imekwisha, hakuna mtu upande wa pili. Anakaa akitazama chuma ambacho sasa hakirudishi uso wa mtu yeyote mwingine.